Nyumba ya pwani ya "ndani na nje": maana yake hasa

Ukitaja nyumba ya ndani na nje, wengi hufikiria ukuta wa kioo unaotazama bahari. Kioo ni kifaa tu. Dhana yenyewe ni kwamba sebule au jiko halikomi mlangoni: unatoka na kikombe chako mkononi, na kabla hujajua umeshatoka. Sakafu ni ileile, kivuli bado kiko juu yako.

Ndiyo maana kiini cha nyumba ya aina hii ni baraza, ile sehemu yenye paa ambayo si chumba wala si uwanja. Iwe pana kiasi cha kuweka meza na viti, na mtu aweze kupita nyuma ya aliyeketi. Baraza ya mita moja ni ujia tu. Paa lake huzuia jua la utosini, lakini jua la jioni huja limelala na kupenya chini yake. Kioo kikubwa cha upande wa magharibi kisicho na kinga ya mbao za kufungua na kufunga, au miti, ni tanuri, hata mandhari yawe mazuri vipi.

Halafu upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huja kuchukua nafasi yake. Usiku mambo hugeuka. Lakini mlango mpana wa upande wa bahari hautoshi: hewa isipokuwa na pa kutokea, haiingii. Weka dirisha au tundu upande wa pili, ikiwezekana juu, maana joto hukusanyika huko.

Penye kazi kubwa ni kizingiti. Ili sakafu ziwe sawa, reli ya mlango wa kusukuma huzamishwa sakafuni, na hapo mvua ya upepo hupata njia ya kuingia. Kwa hiyo mbele ya reli huchimbwa mfereji mwembamba wenye kifuniko cha matundu, na sakafu ya baraza huinamishwa kwenda nje, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Jicho halioni, maji yanaona. Vigae viwe vya rangi moja ndani na nje, ila vya nje viwe na ukwaruzo, kwani laini vikilowa huteleza vibaya.

Na chumvi haibaki ufukweni. Bawaba na skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 huivumilia kuliko zile za 304, kwa sababu za 316 zina molibdeni, metali inayosaidia kuzuia kutu, ingawa nazo hupata madoa zisipooshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Mchanga nao huingia kwenye reli. Mlango uliokuwa ukisukumwa kwa kidole kimoja huanza kusaga, kisha unadai bega, na mwishowe watu huuacha umefungwa wakapitia mlango wa jikoni.