Fungo wa kizimbani hachagui kahawa

Miaka nenda miaka rudi tunaambiwa kwamba kopi luwak, kahawa ya Indonesia, ni ghali kwa sababu fungo wa porini, mnyama mdogo anayefanana na paka, huchagua matunda ya kahawa yaliyoiva vizuri kuliko yote, kisha wakulima huokota punje kwenye kinyesi chake. Ndivyo ilivyoanza, enzi za mashamba ya wakoloni Waholanzi. Leo nyingi ya kahawa hiyo hutoka vizimbani.

Mwaka 2013 waandishi wa BBC, wakijifanya wafanyabiashara, walikuta huko Sumatra kahawa ya vizimbani ikiuzwa kama ya porini. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Oxford, walichapisha ukaguzi wa fungo 48 katika mashamba 16 ya Bali yanayotembelewa na watalii. Hakuna shamba lililofikia viwango vya msingi vya ustawi wa wanyama. Baadhi ya wanyama walisimama juu ya waya mtupu uliolowa mkojo na kinyesi. Kuna waliokonda, na kuna walionenepa kupita kiasi kwa kukosa pa kutembea. Huyu ni mnyama wa usiku, mpweke, anayekula matunda mengi na wadudu. Kumlisha kahawa tupu ni kumuumiza.

Na ubora je? Aliyefungiwa hachagui, hula anachotupiwa. Ni kweli tumbo lake hupunguza protini za punje na huenda uchungu ukalegea, ila punje mbovu haigeuki kuwa nzuri. Tony Wild, Mwingereza aliyeiingiza kahawa hii nchi za Magharibi mwaka 1991, baadaye aliendesha kampeni ya kuipinga.