Divai ya kilimo hai nayo ina salfaiti

Wanywaji wengi huamini kwamba divai nyekundu ya kilimo hai, hasa ya familia ya Toscana, Italia, inayotoa chupa elfu chache tu kwa mwaka, haina salfaiti (kemikali za salfa zinazohifadhi divai) hata chembe, na ndiyo maana "haiumizi kichwa". Sivyo. Igeuze chupa: karibu na nembo ya jani la Umoja wa Ulaya utakuta maandishi madogo, "contiene solfiti", yaani ina salfaiti. Maneno hayo ni lazima zikizidi miligramu 10 kwa lita, na hamira yenyewe huzizalisha kiasi zabibu zinapochachuka. Tangu 2012, ukomo kwa divai nyekundu kavu (isiyo tamu) ya kilimo hai ni miligramu 100 kwa lita. Ya kawaida, 150. Zimepungua, hazijaisha.

Shambani nako, mkulima wa Sangiovese, aina ya zabibu nyekundu, anaruhusiwa kupuliza salfa na shaba dhidi ya ukungu. Shaba hujikusanya udongoni, kwa hiyo imewekewa kikomo: kilo 28 kwa hekta katika miaka 7.

Na kichwa? Divai nyeupe huruhusiwa salfaiti nyingi kuliko nyekundu, mbona hailaumiwi? Mimi ningeanza kuishuku pombe yenyewe, na hesabu ya glasi.