Nyumba za Lavenham hazikujengwa kwa mbao za meli

Jamani hii stori kwamba nyumba za mbao za kijiji cha Lavenham, kule Suffolk Uingereza, zilijengwa kwa mbao za meli kuukuu imerudiwa miaka na miaka lakini sio kweli. Bahari iko mbali, na kijiji kilitajirika kwa kufuma vitambaa vya sufu vya bluu, kwahiyo hela ilikuwepo, mafundi walikata miti ya mialoni wakaijenga ikiwa bado mbichi, ikakaukia hapohapo ukutani ikajipinda, ndo maana nyumba zimeinama vile, na kwa kweli zinapendeza sana. Sogelea nguzo, mara nyingi utakuta namba za Kirumi alizochonga seremala ili ajue kipi kinaingia wapi, na vigingi vya mbao badala ya misumari. Na yale matundu matupu kwenye mbao, wanayosema ni ya meli? Kwa kawaida ni dalili ya mbao iliyotolewa kwenye nyumba nyingine ya zamani.