Kabla ya Kununua Gobori la Shabaha, Tazama Ndani ya Mtutu

Anayeanza kukusanya bunduki za shabaha za Uingereza za karne ya 19 huvutiwa kwanza na kitako kilichong'arishwa na jina la fundi lililochorwa kwenye chuma. Mimi humwomba amulike ndani ya mtutu kabla ya kutoa fedha yoyote.

Chukua bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, iliyokuwa silaha ya kawaida ya askari wa miguu wa Uingereza. Mtutu wake una urefu wa inchi 39, na mikondo iliyochongwa ndani yake hukamilisha mzunguko mmoja katika inchi 78, hivyo risasi hutoka ikiwa imegeuka nusu mzunguko tu. Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester, alipunguza kipenyo kutoka inchi 0.577 hadi 0.451, akalipa tundu pande sita zinazozunguka mara moja kila inchi 20, ili risasi ndefu na nyembamba izunguke kwa kasi ya kutosha isiyumbe hewani. Katika majaribio ya mwaka 1857, kwa umbali wa yadi 800, Whitworth ilikosea kwa wastani wa futi 1 hivi, ilhali Enfield ilizidi futi 4. Jeshi halikuifanya silaha yake ya kawaida, kwa kuwa ilikuwa ghali na iliziba upesi kwa masizi. Walioipenda ni walenga shabaha. Malkia Victoria alifungua kwa Whitworth mashindano ya shabaha ya Wimbledon mwezi Julai 1860, akapiga karibu kabisa na kitovu kwa yadi 400. (Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye kiegemeo naye akavuta kamba tu, kwa hiyo sifa nampa fundi.)

Baadaye William Metford, mhandisi mwingine wa Uingereza, alionyesha kwamba mikondo yenye kina kidogo sana inatosha, mradi risasi iwe ngumu na ivikwe karatasi. Mikondo kama hiyo huliwa haraka na kutu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupunjwa. Kagua pia mdomo wa mtutu: mdeki (fimbo ya kushindilia risasi) ukiusugua upande mmoja kwa miaka mingi, risasi hutoka ikiwa imeinama, na hakuna kilengeo kitakachorekebisha hilo. Kati ya kitako chenye makovu na mtutu wenye vishimo, nitachagua makovu kila mara.

Kwa sheria ya Uingereza, gobori la kale likitunzwa kama pambo halihitaji kibali, lakini ukikusudia kulifyatua ni lazima uwe na cheti cha silaha, na baruti nyeusi ina cheti chake.

Tumia baruti nyeusi peke yake, kwa sababu ile ya kisasa isiyo na moshi inaweza kuupasua mtutu. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, kwa hiyo osha mtutu siku hiyohiyo kwa maji ya moto, ukaushe, kisha upake mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kutu, rudia kuosha.