Mkono unakufa ganzi, kinundu hakiishi: maswali na majibu

Naamka usiku mkono umekufa ganzi mpaka niukung'ute. Je, ni dalili ya kiharusi?

Kwanza niambie ni vidole gani. Kama ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, huku cha mwisho kikiwa salama, mara nyingi ni neva inayobanwa inapopita kwenye mfereji mwembamba wa kifundo cha mkono. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine, ndiyo maana kinapona. Usiku tunalala tumekunja kifundo, mfereji ukazidi kubana.

Huwapata sana wajawazito, wenye kisukari, wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, na wanaoshika kwa nguvu kutwa nzima, kama wasusi na mafundi. Funga banzi unapolala, kifundo kikae kimenyooka. Kwa wajawazito wengi tatizo huisha baada ya kujifungua. Lakini vikombe vikianza kukuponyoka, au nyama ya chini ya gumba ikibonyea, usingoje tena: neva inaumia, na huenda ukahitaji operesheni ndogo ya kuifungulia nafasi.

Ganzi ya kiharusi huja ghafla, upande mmoja, mara nyingi pamoja na mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Nina kinundu juu ya kifundo. Ni saratani?

Vinundu vingi vya mkononi si saratani. Hicho huenda ni ganglioni, kifuko chenye ute mzito kama wa bamia, kinachochomoza kwenye kiungo au ala ya kano, yaani mfuko unaofunika kano. Zima taa, kiwekee tochi ya simu ubavuni: chenye ute hupitisha mwanga. Leo kikubwa, wiki ijayo kidogo, na vingi hupotea vyenyewe. Tafadhali usikubali mtu akipige kwa kitabu kizito, kwani hurudi, nawe unaweza kuumia. Kisichopitisha mwanga au kinachokua haraka, kionyeshe kwa daktari.

Nina mtoto wa miezi miwili. Kila nikimnyanyua nachomwa upande wa gumba.

Hongera kwa mtoto, mama. Ficha gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi upande wa kidole cha mwisho. Ukishtuka kwa maumivu, huenda ni ala ya kano za gumba iliyovimba. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895. Usimwinue kwa makwapa huku gumba zimetanuka. Mchote kwa viganja vilivyotazama juu. Banzi la gumba husaidia, na isipotosha ipo sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe.

Nilianguka nikajikinga kwa kiganja. Picha ya eksirei haina kitu, lakini bado naumwa.

Bonyeza kishimo kilicho chini ya gumba. Pakiuma, kuna mfupa mdogo hapo ambao ufa wake hufichika kwenye picha ya kwanza. Mkono ufungwe, picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Usiende kukandwa, maana damu haifiki vizuri kwenye mfupa huo na ukikosewa hauungi.

Nina kisukari, nimejichoma mwiba kidoleni. Nisubiri?

Usisubiri. Kati ya 1998 na 2002, Dar es Salaam ilirekodi wagonjwa wa kisukari ambao vidonda vidogo vya mkono viligeuka usaha na kuoza. Wapo waliokatwa mkono. Kidole kikiwa chekundu, cha moto, au kisipokunjuka bila maumivu, vua pete sasa hivi kabla hakijavimba, inua mkono juu ya usawa wa moyo, uende hospitali leo.