Faili la Mchoro Halijaharibika, Ni Toleo

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo cha kupokea michoro yameongezeka, na mengi yana sura moja: mwombaji amewasilisha faili, tumelirudisha, naye anaamini tumeliharibu au tunamzungusha. Usumbufu wake tunauelewa. Lakini mara nyingi faili ni zima kabisa, ila limehifadhiwa kwa muundo mpya kuliko unaosomeka na programu ya upande wa pili.

Kinachowachanganya watu ni kudhani kila toleo la programu lina muundo wake. AutoCAD, programu ya kuchorea michoro kwa kompyuta, hutoa toleo jipya kila mwaka, ilhali muundo wa DWG, yaani aina ya faili inayohifadhia michoro hiyo, hukaa miaka kadhaa. Matoleo ya 2013 hadi 2017 yote huandika muundo wa 2013. Toleo la 2018 likaja na muundo mwingine, ambao ndio unaotumiwa hata na toleo la 2025. Hivyo mwenye 2025 na mwenye 2018 hufunguliana michoro bila taabu, na mwenye 2017, aliyeachwa nyuma toleo moja tu, hawezi kuifungua moja kwa moja. Programu nyingine za zamani zikikutana na muundo zisioujua husema tu kwamba faili si halali. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Hakuna haja ya kubishana, kwa kuwa faili lenyewe linajitaja. Tengeneza nakala, ifungue kwa Notepad, programu ya maandishi iliyomo kwenye Windows. Utaona vurugu ya alama zisizosomeka, lakini herufi sita za mwanzo zinasomeka vizuri: AC1032 ni muundo wa 2018, AC1027 wa 2013, AC1024 wa 2010, AC1021 wa 2007. Kisha funga bila kuhifadhi. Ukihifadhi humo, nakala hiyo itakuwa imeharibika kweli.

Na tafadhali, kuandika .pdf mahali palipokuwa na .dwg hakugeuzi chochote. Kuongeza "2013" kwenye jina la faili nako hakulirudishi 2013. Yote mawili tunayapokea, tena kutoka kwa watu wenye mihuri.

Utaratibu wetu kwa sasa ni huu: kila mchoro uje katika DWG ya muundo wa 2013, pamoja na PDF yake iliyosainiwa. Ndani ya AutoCAD, endesha kwanza amri ya AUDIT kurekebisha kasoro, kisha PURGE kuondoa vitu visivyotumika. Toa amri ya SAVEAS, na kwenye orodha ya aina za faili chagua AutoCAD 2013. Lipe jina tofauti, na faili la asili ulitunze kwa muundo wake. Asiye na AutoCAD anaweza kugeuza kwa DWG TrueView ya Autodesk, ambayo hailipiwi, au kwa kigeuzi cha Open Design Alliance. Halafu lifungue faili ulilogeuza kabla ya kulituma, na ukiweza, kwenye kompyuta nyingine. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo ambayo ingetupunguzia sote kazi.

Kwani kurudisha mchoro nyuma kuna hasara zake. Uso wa ardhi au mtandao wa mabomba uliochorwa kwa Civil 3D, programu ya Autodesk ya uhandisi wa ujenzi, si mistari ya kawaida, na kwenye programu isiyouelewa unaweza kuonekana kama kisanduku kitupu au usionekane kabisa. Amri ya -EXPORTTOAUTOCAD huandika faili jipya ambamo umevunjwa ukawa mistari, na faili la asili hubaki lilivyo. Michoro rejea, yaani faili nyingine zinazoitwa ndani ya mchoro wako bila kuwa sehemu yake, inasumbua zaidi. Kwako kuta zinaonekana kwa sababu faili la rejea lenye kuta hizo limo kwenye kompyuta yako. Kwetu, mahali pa kuta panabaki maandishi yanayotaja folda iliyo kwenye diski yako. Fonti zikikosekana, nyingine huchukua nafasi yake na maandishi ya vipimo yanapandana. Amri ya ETRANSMIT hufungasha pamoja michoro rejea, fonti na mitindo ya uchapaji, na inaweza kushusha muundo papo hapo. Sijui kwa nini haitumiwi.

Watumiaji wa Revit, programu ya Autodesk ya kusanifu majengo, wasitafute amri ya kushusha toleo, haipo. Mbaya zaidi, ukifungua mradi wa zamani kwa toleo jipya na kuuhifadhi, wenzako wenye toleo la zamani hawataufungua tena. Kubalianeni toleo moja kabla ya kuanza mradi. Kwetu leteni DWG iliyotolewa humo, au IFC, muundo wa faili wa kubadilishana miundo ya majengo kati ya programu, kwa ajili ya kuangalia tu.

Kuhusu athari: faili lisilofunguka halihesabiwi kuwa limepokelewa. Tarehe inayotambulika ni ya faili lililofunguka, na foleni huanza upya kuanzia hapo. DWG na PDF zikitofautiana, zote mbili hurudishwa hata kama tofauti ni ya kipimo kimoja. Kitengo hakigeuzi faili kwa niaba ya mwombaji, kwa sababu kitakachopotea katika kugeuza kitakuwa juu yetu, wakati anayewajibika ni mtaalamu aliyesaini.

Wenye programu nyingine wanaweza kuwasilisha DXF, muundo wa kubadilishana michoro kati ya programu, isipokuwa ya R12, ambayo ni toleo lake la zamani. Muundo huo hauna mahali pa kuandika kama mchoro ni wa milimita au mita, na ukuta wa mita sita unaweza kutufikia ukiwa na urefu wa milimita sita.