Hita Ndogo za Kuchomeka Ukutani: Soma Wati Kabla ya Kusoma Tangazo

Baridi inapoanza kuuma, swali hili halikosi kutufikia: zile hita ndogo zinazotangazwa mtandaoni, za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi, zinafaa kununuliwa? Matangazo yake yanafanana mno. Kijana mhandisi amechoshwa na bili za umeme, akabuni kifaa cha kutoshea kiganjani ambacho eti hupasha chumba kizima kwa dakika 2 na kupunguza bili kwa nusu. Chini yake kuna saa inayokimbia, punguzo linakaribia kwisha. (Ukifungua ukurasa uleule kesho yake, utaikuta saa imeanza upya.)

Tumwache kijana huyo, tutazame wati. Nyingi ya hita hizi zina wati 300 hadi 500, ilhali hita ya kawaida ya kuhamishika huwa na 1,500 hadi 2,000, na zipo zinazofika 3,000. Hita ya waya au ya seramiki hugeuza karibu umeme wake wote kuwa joto. Mwanafizikia Mwingereza James Prescott Joule alilichunguza jambo hili miaka ya 1840, na hakuna ubunifu uliolitangua tangu hapo. Kwa hiyo hita ya bei rahisi haipotezi umeme kuliko ya bei ghali, lakini pia hakuna hita ya aina hii inayoweza kutoa joto kupita umeme iliopewa. Zikiingia wati 400, zinatoka wati 400.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chumba cha mita 4 kwa 4, chenye dari ya mita 2.5, kina hewa ya takriban kilo 48. Kuipandisha hewa hiyo nyuzi 10 za Selsiasi kunahitaji kilojuli 480 hivi (juli ni kipimo cha nishati, na kilojuli 1 ni juli 1,000). Hita ya wati 400 hutoa juli 400 kila sekunde, kwa hiyo itachukua sekunde 1,200, yaani dakika 20. Na hapo tumeipendelea sana, maana tumejifanya kuta, sakafu na samani hazinyonyi joto lolote, wala hakuna upepo unaopenya chini ya mlango. Vitu hivyo hunyonya joto jingi kuliko hewa yenyewe, hivyo kwenye baridi kali kifaa hiki kinaweza kuwaka usiku kucha na chumba kisipate joto la kuridhisha. Kutimiza ahadi ya dakika 2 kungedai wati 4,000, mzigo ambao soketi ya kawaida ya nyumbani haikutengenezwa kuubeba.

Vipi kuhusu bili? Hita ya wati 400 ikiwaka saa 8 hula uniti 3.2. Ya wati 2,000 huzila uniti hizohizo kwa saa 1 na dakika 36, na joto mnalopata ni kiasi kilekile. Kama bili imepungua, ni kwa sababu umepata joto pungufu. Kifaa kinacholeta joto kuliko umeme kinaoutumia kipo, nacho ni pampu ya joto: haitengenezi joto, hulivuta kutoka nje na kuliingiza ndani, na kwa uniti 1 ya umeme inaweza kuleta uniti 3 za joto. Ila hiyo hufungwa na fundi, haining'inii kwenye soketi.

Seramiki nayo hutajwa kana kwamba ni siri mpya. Faida yake ya kweli ni usalama: inapopata moto sana, ukinzani wake hupanda na umeme unaopita hupungua. Ni jambo zuri, lakini haliongezi joto hata chembe.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni mahali hita hizi zinapokaa. Hita ya sakafuni unaweza kuisogeza. Hii inabaki pale soketi ilipo, na soketi nyingi ziko nyuma ya kitanda, kochi au pazia. Vitu vinavyoshika moto vinapaswa kuwa angalau mita 1 kutoka kwenye hita yoyote. Zaidi ya hapo, uzito wote unaning'inia kwenye pini. Soketi ikiwa imelegea, mguso kati yake na pini huwa hafifu, na hapo ndipo moto huanzia. Kuichomeka kwenye ekstensheni ili ikae mbali na pazia si suluhisho. Ni kuongeza hatari nyingine. Wala alama ya CE, inayodai kifaa kinatimiza masharti ya Ulaya, isikutulize peke yake, maana kwa vifaa vya aina hii mtengenezaji anaruhusiwa kujithibitishia na kuibandika mwenyewe. Tafuta kifaa kilichopimwa na maabara huru.

Kwa hiyo, kama lengo ni kupasha chumba, usinunue. Kama ni kupasha miguu chini ya meza, wati 400 zinatosha, ingawa blanketi la umeme la wati 100 hivi, linalokugusa mwilini, litakufaa zaidi kwa umeme kidogo.

Na kama tayari unayo, usiiache ikiwaka ukiwa umelala au umetoka. Iwashe nusu saa ukiwa karibu, kisha uizime, uichomoe na uutazame uso wa soketi. Ukiona umebadilika rangi, umelainika au unanuka plastiki iliyoungua, usichomeke kitu kingine chochote hapo mpaka fundi umeme aikague.